Gedion Mutie na Mikebe Yake ya Maneno

Na Kaluki Mulwa, Kidato cha Tatu

Bwana Gedion Mutie anastaafu Ijumaa hii, tarehe 25 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika Shule ya Upili ya Kwa Muindi. Bodi ilimwajiri mwaka 1991 kulinda stoo. Mwaka uliofuata yaliletwa maboksi sita ya vitabu na hakukuwa na mtu wa kuyafungua, akaambiwa afungue yeye. Yakawa maktaba, naye hakurudi stoo tena.

Hakusomea ualimu, ingawa sote humwita mwalimu. Mgeni akimuuliza anafundisha somo gani, yeye hujibu, "Mimi ni mtu wa funguo tu."

Kazi yake kubwa ilikuwa mikebe. Alikusanya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, na katika kila mmoja akaweka maneno ya Kiingereza yanayofanana herufi. Aliyaita koo, kama koo zetu Wakamba. Kulikuwa na Mbaa Gl, yaani ukoo wa Gl: "glow", "gleam", "glitter", "glimmer", wote watu wa mwangaza. Kulikuwa na Mbaa Umble, ukoo wenye matatizo mengi: "tumble" ni kuanguka ukibingirika, "stumble" ni kujikwaa, "crumble" ni kumomonyoka, "mumble" ni kumumunya maneno mdomoni. Hilo la mwisho nilipewa mimi siku yangu ya kwanza maktabani, na sikulalamika, kwa sababu ni kweli.

Sheria yake ilikuwa hivi. Ukitaka kuazima hadithi, kwanza uchukue neno moja mkebeni. Uende nalo nyumbani, umweleze mtu asiyejua Kiingereza mpaka aelewe, kisha umletee Bwana Gedion vile mtu huyo alivyolisema kwa maneno yake. Nyanya mmoja wa Ikutha alielezwa "glimmer" akasema, "Hiyo ni koroboi ikiisha mafuta." Bwana Gedion akaandika hivyo hivyo. Neno lilikuwa kwenye karatasi yake, maana kwenye karatasi nyingine, na mbili hizo zikashikanishwa kwa mwiba wa mgunga. Alisema pini za ofisini hushika kutu, na miiba iko bure hapo nje ya ua.

Katika miaka hiyo amefunika vitabu kwa khaki hata vidole vyake vimepata rangi ya gundi. Amefukuza mchwa mara tatu. Aliwahi kumrudisha mkaguzi mlangoni kwa sababu hakuwa na neno. Mkaguzi alicheka, akachukua "gleam", na wiki iliyofuata akapiga simu kutoka mjini Wote kusema mamake ameelewa.

Sasa nafika mahali ambapo Bi. Wangechi, mwalimu wetu wa Kiingereza na mhariri wa jarida hili, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika.

Mwaka jana, muhula wa pili, nilikuwa nikisaidia maktabani. Nikifagia, nilipiga mkebe wa Mbaa Umble kwa mpini wa ufagio ukamwagika. Miiba mingi ilichomoka. Bwana Gedion alikuwa upande ule mwingine wa rafu akinywa chai, nilisikia kijiko chake. Ningemwita tu. Lakini mimi kuongea na mtu mzima ni kazi, huwa najipanga kwanza, na nikimaliza kujipanga mtu ameshaenda. Kwa hivyo nikapiga magoti nikaanza kurudisha mwenyewe maneno kwa maana zake, kwa kukisia.

Zilibaki mbili. Karatasi moja ilisema, "Mtu anakula huku akisema chakula ni baridi." Nyingine ilisema, "Mtu alijenga kanisa na anaketi kiti cha nyuma." Maneno yaliyobaki yalikuwa "humble" na "grumble", na sikuyajua yote mawili. Nikafikiria. Mtu amejenga kanisa kwa mikono yake, halafu wamemweka nyuma, si lazima atakuwa ananung'unika? Nikamchomea huyo "grumble". Huyo wa chakula baridi nikampa "humble", nikafunika mkebe.

Mwezi mmoja baadaye kiranja mkuu, Mwangangi, aliazima kitabu akapata karatasi ile ya kanisa. Aliipenda sana, kwa sababu Mzee Musyimi, mwenyekiti wa bodi, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la sokoni, na kila Jumapili huketi benchi la mwisho karibu na mlango. Siku ya kutoa zawadi, Mwangangi alisimama mbele ya wazazi wote kutoa shukrani. Akasema mwenyekiti wetu ni mtu wa ku-grumble tangu ujana wake, na sisi vijana tunamwomba Mungu atujalie tu-grumble kama yeye.

Mama mmoja nyuma akaitikia, "Amina!"

Walimu waliinamisha vichwa. Wageni waliojua Kiingereza walicheka, na wasiojua wakacheka kwa kuwa wengine walicheka. Mzee Musyimi hakucheka. Mwangangi alipoitwa ofisini alitoa karatasi mfukoni kama ushahidi, maskini, mwiba ukiwa bado ndani. Basi akaitwa Bwana Gedion. Nilikuwa nje na sahani za wageni, na dirisha lilikuwa wazi.

"Haya ni maandishi yako, Gedion?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ni yangu."

"Na hii ndiyo maana ya hili neno?"

"Imetoka maktaba," akasema, "na maktaba ni mimi."

Alipewa barua ya onyo kwa kufundisha wanafunzi makosa. Mikebe ikabebwa ikawekwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Tangu siku hiyo nimesikia watu wakisema mzee alichoka, kwamba afadhali angestaafu mapema. Nilisikia mezani wakati wa chakula. Nilisikia kwenye foleni ya maji. Sikusema kitu.

Bi. Wangechi aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, nilienda maktabani kuuliza tarehe, nikamweleza Bwana Gedion yote. Alikuwa anafunika kitabu. Hakuacha kukunja.

"Mwaka mzima, Kaluki?"

"Ndio, mwalimu."

"Nilifikiri ni Mwangangi alichezea." Akakata karatasi. "Na mimi nikamnunia huyo kijana mpaka akamaliza shule."

Hakuniambia si kitu. Nilitaka aniambie si kitu, na hakuniambia. Aliniuliza tu kama nitaandika, nikasema nitaandika. Akasema, "Andika basi. Lakini usiniandike kama mtu amekufa."

Mwangangi nimemtumia ujumbe. Amejibu kwa neno moja ambalo Bi. Wangechi hakukubali lichapishwe, kisha akasema tumuombee msamaha kwa Bwana Gedion, naye Bwana Gedion amuombe yeye kwa kumnunia.

Mwalimu mkuu anasema barua ya onyo huondolewa na bodi peke yake. Bodi inakutana Alhamisi, na nimeomba kuingia. Mtakapokuwa mkisoma haya Ijumaa nitakuwa nimeshaingia, na sijui nitakuwa nimeongea vipi. Kwa hivyo naweka hapa kwa maandishi. Mzee Musyimi, Mwangangi alitaka kusema wewe ni mnyenyekevu. Aliyechanganya karatasi ni mimi. Kama barua ile bado iko kwenye faili, naomba ukurasa huu uwekwe juu yake, ili anayefungua aanze na huu.

Kwa niaba ya wanafunzi, Bwana Gedion, asante kwa miaka yote. Tunakutakia afya huko nyumbani Kyuso, mvua ya kutosha kwa pojo zako, na wajukuu wenye maswali. Na mtu yeyote akikuambia ulikosea maana ya neno, usimkubalie. Hukukosea.