Ndiyo ya Kuvuta Pumzi: Maisha ya Profesa Tyra Burvall, 1947–2024

Ndugu, majirani, na nyinyi mliosafiri kutoka kusini kuja kumsindikiza mama yetu, haya ndiyo maisha yake. Tutayasema kwa ufupi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na maswali mengi.

Tyra Margareta Burvall alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 katika kijiji cha Bygdsiljum, karibu na Burträsk. Alikuwa mtoto wa pili wa Hjalmar na Elsy Burvall, waliofuga ng'ombe na kukata miti. Nyumbani kwao kulikuwa na mbwa aliyeitwa Prins. Akiwa na miaka saba, Tyra aliona kwamba Prins aliruka na kutikisa mkia pale kopo la nyama lilipofunguliwa, lakini akishapewa nyama yenyewe mkia ulitulia. Alikula tu.

"Baba, mbona anafurahi kabla hajala?"

"Mbwa ni mbwa, mwanangu. Kunywa maziwa yako."

Maziwa aliyanywa. Swali halikushuka.

Alisoma shule ya msingi Burträsk, kisha sekondari Skellefteå, alikokaa kwa shangazi yake. Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Umeå kusomea udaktari, na mwaka 1977 akapata shahada ya uzamivu. Alichunguza njia za ubongo zinazomfanya kiumbe atamani kitu, na zile zinazomfanya akifurahie akishakipata. Wengi wetu hudhani ni jambo moja. Katika maabara yao walikuwapo panya ambao njia yao ya kutamani ilikuwa imezimwa. Walikaa mbele ya chakula bila kukigusa, kana kwamba dunia yote imepoteza ladha. Lakini wakidondoshewa tone la maji ya sukari ulimini, walilamba midomo. Hawakutaka, ila walipenda.

Tulilelewa na panya hao. Siku kaka yangu Torkel alipokataa samaki mezani, mama aliweka uma chini.

"Hutaki, au hupendi? Hayo ni maswali mawili."

"Sitaki na sipendi."

"Haya, umejibu yote mawili," akasema, akamwondolea sahani.

Mume wake, Sixten Renström, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, mzaliwa wa Ystad, kusini kabisa. Alimposa mwaka 1972, baada ya mazoezi ya kwaya. Sasa, kwa wageni wetu: huku kwetu Västerbotten, kaskazini mwa Sweden, "ndiyo" mara nyingi haitamkwi, huvutwa. Midomo inabanwa kidogo, pumzi inaingia ghafla, basi, mtu amekubali. Tyra akavuta pumzi. Sixten, kijana wa kusini, akadhani amemshtua binti wa watu. Akaomba radhi, akachukua kofia, akaenda zake. Wiki nzima hakuonekana, mpaka Tyra alipomfuata kwenye kinanda chake.

"We Sixten, umenikimbia kwa nini?"

"Si ulikataa?"

"Nilikubali!"

"Sikusikia neno lolote, Tyra."

"Neno la nini tena? Kwaya nzima unaisikia, mimi mmoja nikushinde?"

Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1973 katika kanisa hili. Torkel alizaliwa mwaka 1976, nami Ragnhild mwaka 1980. Baba alitutoka mwaka 2015.

Kuanzia mwaka 1988 mama aligawa siku zake kati ya maabara na vyumba vya upasuaji. Kazi yake huko ilikuwa kulinda mishipa ya fahamu. Mgonjwa anayetolewa uvimbe kwenye tezi ya mate anaweza kupoteza tabasamu lake kwa mkato mmoja, kwa sababu mshipa unaoendesha uso unapita humo humo. Mama alichomeka nyuzi nyembamba za chuma kwenye misuli ya uso na kuziunganisha na kipaza sauti. Kisu kikiusogelea mshipa, kipaza sauti kilitatarika kama mafuta kwenye kikaango. Yeye aliketi kando akisikiliza.

Siku moja kipaza sauti kilikuwa kimya, na mpasuaji alikuwa na haraka.

"Kimya, Tyra. Hapa hapana mshipa. Nakata."

"Usikate. Umekiuliza?"

"Nikiulize nini? Si kimya hicho!"

"Kimya si jibu, bwana, mpaka kiulizwe."

Akagusisha umeme mdogo mahali ambapo mshipa ulijulikana kuwapo. Kipaza sauti hakikusema kitu. Uzi mmoja ulikuwa umechomoka shavuni. Ulipochomekwa upya, kipaza sauti kikatatarika pale pale kisu kilipokuwa kinaelekea: mshipa ulikuwa hapo. Mgonjwa wa siku ile, mwalimu kutoka Lycksele, ameketi nasi leo safu ya tatu, na wengi wenu mmeshauona uso wake ukicheka mlangoni.

Mama alistaafu mwaka 2013. Oktoba 2021 alipatwa na kiharusi kidogo, pande zote mbili, ndani kabisa ya ubongo. Kilipiga mahali ambapo alikuwa amepachunguza maisha yake yote. Mikono ilifanya kazi, macho yaliona, lakini hakutaka chochote. Hakuomba kahawa yake yenye vipande vya jibini, kama inywewavyo huku kwetu. Hakuuliza swali hata moja, na kwetu hilo ndilo lililotisha. Madaktari walitwambia tusitarajie majibu. Tulichotaka kujua sisi wanawe kilikuwa kimoja tu: je, humo ndani bado kuna mtu anayefurahi tukiingia?

Nilianza kumpelekea jamu ya hjortron, zile beri za manjano alizokuwa akichuma mwenyewe kwenye vinamasi vya Bygdsiljum. Torkel hakupenda.

"Hataki, Ragnhild. Muache mama apumzike, wewe na vijiko vyako."

"Hataki, sawa. Hapendi?"

"Alikuwa anaongelea panya, jamani!"

"Na wewe na samaki wako ulikuwa panya?"

Torkel alicheka bila kupenda, akanipa kijiko. Nikamgusisha mama jamu kidogo ulimini. Alikaa. Kisha akalamba midomo, polepole, mara mbili. Nikamuuliza, "Nzuri, mama?" Akavuta pumzi.

Yeye angetwambia kwamba kipimo kimoja si ushahidi. Kwa hiyo tulirudia, Jumapili baada ya Jumapili, kwa zaidi ya miaka miwili. Tulimpa na uji usio na kitu, ili kulinganisha, maana yeye ndiye aliyetufundisha. Kwa uji hakuwahi kuvuta pumzi. Torkel ndiye aliyeishia kununua jamu, na yeye ndiye aliyezoea kumweleza habari za wajukuu kati ya kijiko na kijiko, akisubiri.

Mapema mwezi Machi mapafu yake yalijaa maji, na jamu ikawa haiwezekani tena. Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, mchana, theluji ikiyeyuka dirishani, Torkel alimshika mkono akamwambia, "Mama, tupo wote. Tunakupenda. Unajua, eeh?"

Muuguzi, binti mpole kutoka kusini, aliandika kwamba marehemu alivuta pumzi moja fupi, kisha hakupumua tena. Ameandika sawa. Huenda ilikuwa pumzi tu. Mama angetutaka turudie, na safari hii hatuwezi. Lakini swali liliulizwa, na kimya chake hakikuwa kimya. Sisi tuliozaliwa huku tunajua jinsi inavyosikika.

Ameacha wanawe Torkel na Ragnhild, mkwewe Annika, wajukuu wake Elof na Vendela, mdogo wake Barbro, wanafunzi wengi, na nyuso nyingi zinazocheka ambazo wenyewe hawakuwahi kujua jina lake.

Tunamlaza leo kando ya Sixten, aliyejifunza kumsikia. Mungu ampe pumziko lenye amani. Nanyi mnaokubali, msiseme neno. Vuteni pumzi.