Janefer Bonareri, Malkia wa Salamu Kutoka Sosiot

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, shambani, jikoni, hata wewe uliye kwenye foleni ya kupimiwa majani ya chai. Ni Weldon wenu wa kipindi cha salamu redioni. Leo sauti yangu si ile mmezoea, na sitawadanganya eti ni mafua. Ninaogopa.

Tunamkumbuka Janefer Bonareri wa Sosiot, mama wa watoto wawili, mchumaji wa chai. Alifariki Jumamosi iliyopita, saa tisa na dakika kumi na nne alasiri. Dakika hiyo ninaijua kwa sababu alikuwa akiongea na mimi.

Nyinyi mlimjua kama Malkia wa Majani Mabichi. Kwa miaka sita alipigia simu kipindi hiki cha salamu. Alizaliwa upande wa Kisii, akaolewa na Joab Onchiri, wakahamia Sosiot kulima chai. Kwao netiwaki ya simu ni ya shida. Ili anipate, ilibidi apande kilima kilicho juu ya shamba, mahali ambapo hapana mti wala nyumba. Jirani yake, Mama Chepngeno, ameniambia hivi: "Huyo saa tisa ikifika, anaacha kapu katikati ya mistari ya chai. Unamuita mpaka unachoka. Alikuwa anasema, siku nzima mimi ni wa watu, hii nusu saa ni yangu."

Joab hakupenda. Sisi wote wa huku tunajua saa tisa ni saa ya mvua yetu, mvua ya mawe na radi. "Nilimwambia, Mama Moureen, hizo salamu zitakuua," Joab aliniambia, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

Jumamosi hiyo Joab alikuwa kazini kiwandani. Janefer alikuwa shambani na watoto: Moureen, miaka minane, na Gordon, mtoto wa miezi saba mwenye kifua kibaya, asiyefaa kunyeshewa hata kidogo. Aliwaacha chini kwenye chai. Akapanda.

Rekodi hiyo nimeisikiliza mpaka basi. Anasalimia watu watatu, kama sheria yetu ilivyo. Halafu anasema, "Weldon, wacha niende, wingu limeshuka na watoto wako chini." Alikuwa anarudi. Wasikilizaji, alikuwa tayari anarudi! Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikacheka nikamwambia, "Aii, Malkia, kwani wewe ni sukari utayeyuka? Ongeza mmoja tu."

Akacheka pia. Akasema, "Haya, huyo mmoja ni..." Laini ikakatika. Nikawaambia netiwaki ya Sosiot imetuchezea tena. Nikaweka wimbo.

Radi ilikuwa imempiga. Wengine wanasema ni simu iliyoivuta. Mimi sijui mambo ya radi. Ninajua alikuwa juu pale peke yake, na ninajua nani alimchelewesha.

Moureen aliita mama yake, akaita tena. Kisha akamfunga mdogo wake mgongoni kwa leso, akakimbia naye mpaka nyumbani, mawe ya mvua yakimgonga kichwani. Gordon bado yuko hospitalini, anapumua kwa taabu. Tumwombee.

Jumatatu Joab alikuja studio na Moureen. Nilijitayarisha kutukanwa. Lakini alitaka tu kusikia sauti ya mke wake. Tukasikiliza sisi watatu. Ilipokatika, Moureen aliniangalia, akaniuliza, "Mama alisema anakuja. Kwa nini ulimwambia angoje?"

Tangu Jumatatu silali vizuri.

Joab, Moureen, Gordon mdogo, na jamaa wote wa Sosiot na Kisii, poleni. Poleni sana. Mungu awashike mkono. Mimi msinisamehe haraka.

Na wewe unayenisikiliza, nusu saa yako ni yako, sikatai. Hata mimi napenda raha zangu. Lakini hebu jiulize ni nani anakungoja wakati huu, na umemwacha mahali gani.

Sasa ni saa tisa. Nikitazama dirishani, wingu limekaa juu ya chai, jeusi tititi. Laini zote nne za studio zinaita. Mwenzangu unayepiga, sijui umesimama wapi na simu hiyo. Naogopa kukuuliza. Sipokei. Shuka, nenda nyumbani.