Mbegu Ziingie Kabla ya Mvua

Kui mwanangu, njoo karibu, mlete na ndugu yako Hiram akae kwa hii gunia na mimi, mnisikilize na masikio yote, kwa sababu wosia ni kazi ya wazee na mimi hata thelathini sijafika, lakini kifua hiki hakitangoja nizeeke. Usilie. Shika jembe, nitaongea ukichimba.

Mawingu yameshafunika Ngong, na unajua sheria ya kikundi chetu hapa Kitengela: kipande cha shamba ni cha yule ameweka mbegu kabla ya mvua ya kwanza, na kilicholala wazi kinapewa mwingine. Lakini mbegu ikishaingia, hata mwenyewe akiwa hayuko tena, hakuna mkono unaoruhusiwa kuing'oa. Watoto wake ndio wanavuna, na msimu unaofuata wanaendelea wao. Ndiyo maana nimejikokota mpaka hapa. Jana Mama Mbithi, mwenyekiti, aliniambia, "Pumzika tu, dada, hicho kipande tutakuangalilia." Nilimwelewa. Ameshaona mahali sukuma wiki yake itakaa.

Si hivyo, Kui mama, rudi nyuma kidogo. Udongo huu mweusi ukinyeshewa unashika jembe kama gundi, ndiyo sababu tunapanda kwa vumbi. Mbegu isizame kupita kidole. Mbolea ya mbuzi iwe imekauka, ile mbichi inachoma. Yule yeyo, mama Mmaasai wa boma la ng'ambo, atakupa, mradi umwinamishie kichwa akuguse kwanza, usimpe mkono kama mtu mzima. Na miiba uzungushe leo leo, punda milia hawajui yatima.

Zamani wamama wa hapa tulikuwa tunalima tukiimba. Siku hizi nikifika, kila mmoja anakumbuka ameacha chungu motoni, na anayeazima jembe langu anapangusa mpini na leso. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka huu wote nimekuwa hicho kidole. Ni Nasteho peke yake, mama Yonis wa duka, analichukua vile liko, analima, analirudisha na udongo wake. Ukizidiwa, kimbilia huyo, na umtekee maji bila kutumwa.

Ploti ya baba yenu kule Embulbul, baba mdogo wenu Waweru alishaichukua kaburi la baba likiwa bado bichi. Msimchukie, chuki haipikwi ikaiva. Lakini akija hapa na maneno ya asali, mwambieni hiki ni cha kikundi, hakiuzwi, na kimepandwa.

Naogopa, Kui. Siogopi kufa sana vile naogopa Hiram akue, aulize watu mama yake alikuwa nani, na watu wanyamaze. Wewe usinyamaze. Mwambie nilikuwa najua kuimba, na nilikuwa nacheka mpaka naketi chini.

Mungu awape mvua ya polepole, si ile ya kubeba udongo. Awape majirani wanaoingia bila kubisha. Mkono wako, Kui, ushike... hapana, usikuje. Imebaki laini moja ya kupanda. Nikinyamaza usiite mtu, maliza kwanza. Hayo ni matone? Sijui... ni upepo. Weka mbegu, mama. Fukia.

Nyingine.