Historia ya Mama Panya, Mhesabu Damu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa aliyezoea kunisahihisha tarehe ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari, kisha chuo cha maabara, akamaliza mwaka 1978 na kuajiriwa mwaka huohuo katika maabara ya wanyama, akihesabu chembe za damu za panya kwa darubini, kazi iliyompatia jina la Mama Panya, nalo hakulikataa. Alifunga ndoa na fundi saa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa binti mwaka 1985 na mvulana mwaka 1988, wote tunao hapa.

Mwaka 1994 maabara ilianza kuchunguza kama vitamini D, ile ambayo mwili huipata juani, na melatonini, homoni ambayo mwili huitengeneza gizani, zinaisaidia damu ya panya, baadhi wakapewa na wengine wakanyimwa ili walinganishwe, na marehemu, kwa kuwaonea huruma wanyama waliotolewa damu mkiani, alichukua taa ndogo ya kulalia ya mwanawe, akaitundika katika chumba chao wasiogope giza, ambacho yeye peke yake ndiye aliyekihudumia, ikawaka kila usiku kwa miezi minne. Majibu yalikuja mazuri ajabu, mkuu wa maabara akaandika ripoti, na marehemu akaahidiwa cheo cha msimamizi, alichokisubiri miaka kumi na sita.

Siku moja kabla ya ripoti kutumwa, mtoto aliidai taa yake, na marehemu alipokuwa akiifungua ukutani ndipo alipong'amua kwamba mwanga ule uliwanyima panya melatonini yao wenyewe, hivyo waliopewa dawa walionekana bora kwa sababu wenzao walikuwa wameharibiwa na taa. Hakuna mwingine aliyejua. Mumewe alimsihi anyamaze, akamjibu kwamba namba zile siku moja zingefika kwa wagonjwa, akaandika barua ya ukurasa mmoja, ripoti ikatupwa, cheo akapewa mwingine, na mkuu akamnunia mwaka mzima. Kazi ilirudiwa gizani, tofauti ikawa ndogo sana, naye akaridhika. Mimi nilimwita mjinga, jambo ninalolijutia.

Alistaafu mwaka 2017. Novemba 2022 damu yake mwenyewe ilianza kupungua, akaomba darubini, akahesabu chembe zake, akakubaliana na majibu ya daktari. Mkuu wake wa zamani alikuja wodini, akamweleza kwamba tangu mwaka 1995 kila mfanyakazi mpya husomeshwa ile barua siku ya kwanza, na marehemu akauliza kama wameirekebisha tarehe, maana aliikosea. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufagilia ua, na wafanyakazi wenzake waliotuletea koti lake jeupe likiwa limepigwa pasi. Dada, juzi mwanao aliiwasha ile taa ndogo kando yako, kwa huruma, na leo asubuhi ameizima mwenyewe ili upate giza lako, pumzika kwa amani.