Beki Mmoja, Washambuliaji Watatu
"Unakwenda kumwambia kosa ni lake, na mguu ushakatwa?"

Shoga, basi zima liligeuka! Aliyefoka ni mama mmoja muuza vitambaa. Aliyefokewa ni kocha aliyekaa naye, wala hawajuani, amepakata mfuko wa viatu vya mpira. Anakwenda hospitali kumwona beki wake, binti aliyeumia uwanjani.

"Mama, nawafundisha kila siku: wakija watatu nawe uko peke yako, usivamie. Rudi nyuma taratibu, ziba katikati, wacheleweshe mpaka wenzako wafike. Binti akavamia, mguu ukavunjika vibaya." Mama akauliza, "Hakurudi nyuma kwanza?" "Alirudi, mpaka kwenye boksi." "Na wenzake?"

Kocha akaubana ule mfuko kana kwamba utaruka dirishani. "Niliwazuia mbele. Tulihitaji bao."

"Sasa alikuwa anamsubiri nani, baba, malaika?"

"Mpira ndivyo ulivyo, mama." "Haya, kamwambie hivyo hivyo."

Basi likasimama hospitali. Kocha hakuinuka. Konda akagonga bati, mama akamsukuma kwa kiwiko, ndipo akashuka, nami nyuma yake, na kituo changu si hicho! Aliyoyasema wodini nitakupa kesho, shoga.