Neno la Siri Lililokatwa Vipande Viwili

Kaa chini, wewe mkubwa, acha kuzungukazunguka, na wewe mdogo wake sogea karibu na mto wa kitanda changu, maana leo nitasema mimi mama yenu mpaka nimalize na ninyi mtanyamaza, kazi ambayo mmeifanya vizuri sana kwa miezi miwili. Daktari amesema nipumzike. Nitapumzika, tena sana, lakini kwanza niyatoe haya.

Nyumba ni yenu wote wawili, wala asije mtu akapima vyumba. Cherehani ya ngozi achukue kaka, kwa sababu mkono wake ni mzito na mashine ile inataka mkono mzito. Kanda za kupimia na meza ya kukanyagia wateja wanapopimwa achukue dada, kwa sababu mteja akimwona yeye anavua soksi bila aibu. Hayo hayanisumbui. Kinachonichosha roho ni karakana, na ndani ya karakana, ni hilo neno lenu la siri.

Miaka thelathini na moja nimewashonea viatu watu ambao miguu yao hailingani, mguu huu mfupi, ule umepinda, na kiatu cha namna hiyo hakiokotwi dukani. Ukikosea nusu sentimita mtu anaumwa kiuno mwaka mzima na anakutaja vibaya kila akiinuka. Mali yetu si ngozi wala gundi, mali yetu ni vipimo. Tulivitunza kwenye madaftari, mchwa wakala. Tukanunua kompyuta, na mimi kwa ujanja wangu nikaweka nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili kwenye flashi niliyoifunga kwa uzi kwenye kompyuta hiyohiyo isije ikapotea, na ya tatu nikaichapisha nikaiweka chini ya kompyuta ili kioo kiinuke kidogo. Bomba la juu lilipopasuka zote tatu ziliogeshwa pamoja. Tukawaita watu zaidi ya mia mbili waje kupimwa upya, na mwalimu mmoja wa hesabu akaniuliza mbele ya wateja wenzake miguu yake nimeipeleka wapi.

Ndipo wewe binti ukaniletea habari za wingu. Nilikuuliza liko wapi, ukanyoosha kidole juu, nikakufukuza. Kesho yake ukarudi ukanieleza kama mtu mzima, kwamba ni kompyuta kubwa za watu wengine, ziko mbali kwenye majengo yenye walinzi na umeme wao, na sisi tunaweka vipimo vyetu humo kupitia intaneti, tunalipa kidogo kila mwezi, na tukichoka tunaacha. Nilikubali huku nimenuna. Na nasema leo nikiwa na akili zangu timamu, nilichelewa. Wewe ulikuwa unampima mgonjwa hospitalini, na kabla hujafunga mkoba kaka yako hapa karakana ameshaviona vipimo, ameshaanza kuchonga kalibu, ule mguu wa mbao wa kushonea kiatu. Mteja aliyehama mji alipiga simu akitaka kiatu kama kile cha mwaka juzi, tukafungua, tukaviona vipimo vyake, tukashona, tukamtumia. Karakana ya watu watatu ikafanya kazi kama kiwanda, bila kununua mtambo hata mmoja. Nilijiona mjanja tena, na mnajua mimi nikijiona mjanja mambo huharibika.

Kwa sababu ninyi mlianza kugombana nani ataongoza nikiondoka. Kaka anasema dada atachukua wateja akafungue duka lake. Dada anasema kaka atamfungia nje. Nikachoka kusuluhisha, nikasema basi, neno la siri litakuwa nusu kwa nusu, kila mmoja aandike kipande chake na mwenzake ageukie ukutani. Mkageukia ukutani kweli, watu wenye ndevu na watu wenye watoto. Kosa hilo ni langu na nitalijibu mbele ya Mungu, lakini sikujua nimezaa watu wenye subira ya kijinga kiasi hiki.

Maana kompyuta ilikuwa wazi muda wote, hakuna aliyelihitaji neno. Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua. Safari hii hakuna kilichopotea, hata unywele. Mmenunua nyingine, vipimo vyote viko kulekule vinangoja, unaandika neno tu unaingia. Na hamuingii. Kaka hasemi mpaka dada aanze, dada hasemi kabisa. Tungeweza kuomba neno jipya, lakini ujumbe unakwenda kwenye laini ya marehemu baba yenu, ambayo sasa anayo mtu asiyetujua. Nilimpigia nikamweleza kwa adabu, akanikatia simu. Mchwa sikuwalaumu, bomba sikulilaumu. Ninyi nawalaumu.

Binti wa muuza mboga alipimwa wiki moja kabla ya kuungua. Sasa yuko kwa bibi yake, safari ya siku mbili, hawezi kuja kupimwa tena, na Jumatatu anaanza shule mpya. Kiatu cha zamani kimembana mpaka kidole kimetoa damu. Mama yake alikaa hapo ulipokaa wewe, akalia, na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika kazi hii.

Nipe maji. Basi, yatosha.

Kompyuta iko hapo mezani. Hakuna kugeukia ukutani. Kaka, sema chako. "Ngozi laini sabini"? Sawa, andika. Sasa wewe. Usiniangalie mimi, mwangalie kaka yako. Sema, binti yangu, nina haraka.

Rudia, sijasikia vizuri.

"Kaka kichwa kigumu. Yote pamoja, herufi ndogo."

Hilo tu? Miezi miwili mtoto wa watu anatoka damu, kaka yako anaapa unataka kumwibia wateja, kumbe ulikuwa unaona haya? Na wewe kaka unacheka. Haya, cheka, sijakusikia ukicheka ndani ya nyumba hii tangu mwaka jana, lakini cheka huku unaandika. Imefunguka? Mtafute mtoto. Soma kwa sauti. Kushoto, unyayo sentimita ishirini na moja. Kulia ishirini, na mguu wenyewe ni mfupi kwa sentimita nne na nusu. Vizuri. Soli ya kulia uipandishe kwa tabaka, kaka, isiwe kipande kimoja, atachoka. Dada, umshikie ngozi.

Mtabadilisha hilo neno mkiwa mmekaa pamoja, na mtaweka namba za simu zenu, zote mbili. Karakana ni moja. Sitaki... ngoja nivute pumzi. Sitaki kusikia ya nani.

Mungu awape mikono yenye afya. Awape wateja wavumilivu, kwa sababu mtawahitaji. Niliyowakosea mnisamehe, nami nimewasamehe, ingawa bado nina hasira, itaisha yenyewe.

Sasa ondokeni. Hapana, asibaki mtu kunishika mkono, mkono wangu hauendi popote. Leo ni Ijumaa, kiatu kinatakiwa kisafiri kesho asubuhi. Nendeni. Wote wawili, nimesema.