Jina Ambalo Ramazani Hakulitemea Mate

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi mliotoka Yeoville na baridi hii, Bwana asifiwe tena!

Mimi ni Mama Neema, fundi cherehani. Leo nasimama hapa nikiwa na fahari, wala siifichi. Mume wangu Ramazani, yule mlinzi mrefu aliyekaa karibu na mlango, Mungu amemrudisha nyumbani!

Ndugu zangu, wengi mnamjua yule aliyeitwa Kiongozi. Kwa ambao hamumjui, nitaeleza polepole. Kabla ya vita alikuwa mwalimu kwetu, mashariki mwa Kongo. Baada ya vita akaja hapa Johannesburg, akaanzisha chama. Alifundisha kwamba kabila letu limezaliwa na jua, kwamba damu yetu husikia sauti za askari waliokufa, na kwamba wafu hao wamemchagua yeye peke yake atutawale. Wafuasi wake walivaa mashati meusi, wakawasha mishumaa mbele ya kioo, wakainua mkono na kuita mizimu. Damu iliyochanganyika, alisema, lazima iondolewe.

Mtauliza, watu wazima waliaminije? Msiwacheke. Mtu anayeitwa mgeni asubuhi kwenye foleni ya makaratasi, na jioni tena pale spaza, kiduka cha mtaani, akiambiwa "wewe ni uzao wa jua," mgongo wake unanyooka. Mume wangu alinyooka hivyo. Nilimwona akifurahi, nami nikaogopa.

Kwa maana baba yangu ni wa kabila jingine. Kiongozi akamwambia Ramazani: kabla ya kula kiapo, mwache huyo mwanamke na mtoto wake. Mume wangu akahamia kulala sebuleni. Hata binti yetu Neema, akawa anamwangalia kama mtoto wa jirani tu. Akina mama wa kanisa hili, mlifunga na kuomba pamoja nami. Mungu awakumbuke!

Siku ya kiapo, sisi wake wa kuachwa tuliitwa ukumbini tusikie kwa masikio yetu. Kila mwanamume alitaja jina lake la zamani, akalitemea mate, akapewa jina la jua. Zamu ya mume wangu ikafika.

"Ramazani," akasema, lakini hakutema mate.

"Eish, kumbe tuna Mwislamu humu!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka.

"Hilo ni jina la watu wa ng'ambo ya mto," Kiongozi akasema. "Litemee!"

Ndugu zangu, kwao mume wangu mtoto hupewa jina la aliyemwokoa. Mama mkwe wangu, Mkristo, alikimbia risasi akiwa na mimba kubwa. Jirani Mwislamu wa kabila hilo la ng'ambo ya mto, Mzee Ramazani, akambeba mgongoni na kumvusha mto.

Mume wangu akamjibu Kiongozi kwa heshima, "Papa, hili si jina tu. Ni mtu. Nikimtemea yeye, namtemea mama yangu."

"Basi damu yako imekufa!"

"Bila yeye, hata hiyo damu isingezaliwa."

Akavua lile shati jeusi, akaliacha juu ya kiti. Akamtoa Neema mgongoni mwangu, akambeba, tukatoka. Julai hiyo, katikati ya baridi ya huku, naye amebaki na singlendi! Nikamfunika mabega kwa kitenge changu cha maua.

"Watu watakucheka," nikamwambia.

"Wacheke, mke wangu."

Mke wangu! Ilikuwa miezi mingi sijalisikia neno hilo. Haleluya!

Baadaye walipiga simu kututisha kwamba mizimu itamchukua. Tulipiga magoti, tukaomba, tukalala usingizi mzuri. Yesu ana nguvu kuliko kioo na mishumaa!

Namshukuru Mungu aliyempa mume wangu ujasiri mbele ya watu wote wale. Na wewe ambaye bado unalo shati lile kabatini, njoo kwa Bwana. Yeye hapimi damu ya mtu, alitoa ya kwake. Baada ya ibada kuna chai pale nyuma. Ramazani atakaa nawe, wala hatakuuliza kabila lako.